Mwanafunzi wangu sasa anaitwa Fisi

Shikamoo Bibi Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali huku Muheza, mwaka wangu wa tatu kazini. Nina watoto 58. Wengi wana miaka mitano, wachache wameletwa kabla hawajafika. Chumba kimoja, mikeka miwili, ubao mmoja, na mimi.

Napenda ngano. Nimelelewa na bibi ambaye hakuwa anatwambia tukalale mpaka Sungura awe amemdanganya mtu. Kwa hiyo nilidhani kwenye hadithi ndipo nitakapong'ara: nawahadithia, wao wananisimulia, kisha tunaigiza. Haikuwa hivyo. Nikimaliza nauliza, "Nani atatusimulia?" Inanyooshwa mikono miwili, ile ile ya jana. Mmoja ni wa binti anayeirudisha hadithi neno kwa neno. Nilipokohoa naye anakohoa. Nikimkatiza kidogo anaanza upya, "Hapo zamani za kale." Waliobaki wananitazama tu. Najua majumbani mwao wengine wanaongea Kibondei au Kisambaa, lakini uwanjani Kiswahili wanakimwaga, kwa hiyo sijui kama ni lugha au ni woga.

Mwezi uliopita tuliigiza Sungura na Fisi. Mtoto mmoja wa kiume akawa Fisi, akacheza vizuri, wenzake wakacheka mpaka wakagaagaa. Tangu siku hiyo anaitwa Fisi. Kwenye foleni ya uji Fisi, njiani Fisi. Wiki hii hakuja siku mbili, mama yake akasema tumbo. Mimi najua si tumbo.

Kisha nikawahadithia Kima na Papa, jinsi Papa alivyomchukua Kima mgongoni baharini ili akatolewe moyo, na Kima akasema moyo ameuacha mtini. Kesho yake baba mmoja alinisubiri mlangoni. Ananiuliza shule inafundisha watoto uongo tangu lini.

Na mwalimu mkuu kwa upande wake anataka kila hadithi imalizike kwa watoto kusema kwa pamoja, "Hadithi hii inatufundisha..." Wanasema, tena kwa sauti kubwa, lakini macho yao yako dirishani. Mahafali yetu ni baada ya wiki tano na ameshatangaza kwamba darasa la awali litaonyesha igizo. Nifanyeje, Bibi?

Mwalimu wa Vidudu, Muheza

*

Marahaba, mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa miwani.

Nianze na Fisi. Hayo mengine yana wiki tano, hili lina kesho tu.

Kesho, mkishaitana majina, wewe ndiye uwe Fisi wa kwanza. Inama, kokota miguu ya nyuma, nusa mikeka, dondosha udenda. Usione haya, maana mtoto hawezi kujifunza kutoogopa kuchekwa kwa mwalimu anayeogopa kuchekwa. Halafu wageuze wote fisi, 58 kwa mpigo, walie, wagombanie mfupa usiokuwepo. Kwa dakika tatu chumba kitakuwa mnada wa ng'ombe. Kisha gonga dawati, na kila mmoja avue ngozi. Aanzie kichwani, aishushe mabegani, atoke nayo miguuni, aende akaitundike ukutani kwenye msumari ambao haupo. Akishaitundika ataje jina lake, lile alilopewa kwao. Jina la utani huwa na nguvu likiwa la mtu mmoja. Likiwa la darasa zima pamoja na mwalimu, nani atamcheka nani?

Hiyo ya kuvua ngozi uifanye kila mnapoigiza, hata mnyama akiwa ni Sungura. Sisi watu wazima tunajua mchezo ulikomea wapi. Mtoto wa miaka mitano anahitaji kuonyeshwa mpaka, na auvuke kwa miguu yake mwenyewe.

Sasa nina swali ambalo hutalipenda. Ulimchagua yeye kwa nini? Nauliza kwa sababu mimi nilifundisha vidudu na darasa la kwanza kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwa muda mrefu Fisi wangu alikuwa yule anayemaliza uji kabla ya wenzake na kutazama vikombe vya wengine. Sungura wangu alikuwa mwenye sare iliyopigwa pasi. Sikuwahi kukaa nikapanga hivyo, mkono ulikuwa unanyooka wenyewe. Watoto wakaona kabla yangu. Kwa hiyo sheria yangu ikawa kwamba mnyama mlafi, mjinga au mwizi hachezwi na mtoto mmoja peke yake. Wanacheza wawili, watatu, au mwalimu. Na huyo wako akirudi, usimpe jukumu la huruma. Mpe ngoma. Mpiga ngoma ndiye anayeamua lini bahari ichafuke, na hakuna anayemtania mwenye ngoma.

Tuje kwenye kusimulia.

Huyo binti anayekohoa unapokohoa ana kipaji, na kitamfaa kwenye kwaya au madrasa. Lakini usihesabu kwamba hadithi anayo. Alichonacho ni sauti yako. Ukitaka kujua, mwambie akusimulie akiwa yeye ndiye Papa, "Mimi nilikuwa naogelea chini ya mti..." Atakwama. Na hao wengine 56 walionyamaza wanajua zaidi ya unavyodhani, ila wanadhani unataka yale maneno yako mazuri, nao hawana. Wamemsikia mwenzao akiyatema yote bila kukosea, wakaona hapo hapawahusu.

Kosa hili nililifanya miaka mingi. Nilikuwa msimulizi mtamu, nasema mwenyewe, na utamu wangu ndio uliokuwa unawafunga midomo. Siku moja sauti ilinikauka kabisa kwa mafua. Nikachora kwa chaki sakafuni mti, nikachora mawimbi, nikachora nyumba, nikawa natembea tu kutoka hapa kwenda pale huku nanyoosha kidole. Watoto wakaanza kuniambia mimi kinachotokea. "Sasa anapanda mgongoni!" "Sasa wako katikati!" Tangu siku hiyo nikajua kwamba mtoto mdogo anaikumbuka hadithi kwa mahali. Ukimpa mahali pa kusimama, maneno anayatafuta mwenyewe.

Na kwa hilo, mwanangu, umechagua ngano sahihi kuliko unavyojua. Kima na Papa ina mahali patatu: mkuyu ulioinama, nusu ya matawi nchi kavu na nusu juu ya maji, kisha katikati ya bahari, kisha kwa sultani wa papa anayeumwa, ambako hawafiki. Safari ni kwenda na kurudi. Chora mti upande mmoja wa chumba, kwa sultani upande wa pili, na katikati tandaza khanga mbili zishikwe pembeni na watoto, wazitikise. Hiyo ndiyo bahari. Halafu mtoto atembee. Chini ya mti, Kima anatupa matunda na Papa anakula, siku nyingi, mpaka wamekuwa marafiki. Papa anamwalika kwao. Kima anapanda mgongoni. Kwenye khanga wanasimama, na hapo Papa anasema kweli yake, kwamba sultani anaumwa na dawa ni moyo wa kima. Kima anamjibu kwamba angemwambia mapema, maana wao mioyo huiacha mtini. Wanarudi. Kima anaruka juu, na hashuki tena.

Hiyo ndiyo mifupa. Nyama aweke mtoto. Akisema "ngedere" badala ya kima, mwache. Akisema Papa alikuja na bodaboda, muulize tu bodaboda ilipitaje majini, naye atakujibu bila kupepesa. Unachokilinda ni kimoja tu, kwamba moyo usitajwe kabla hawajafika katikati. Akiutaja wakiwa bado chini ya mti, hadithi imekufa, kwa sababu Kima angebaki kwao. Hapo msimamishe kwa upole, "Kima akisikia hivyo, atapanda mgongoni kweli?" Atafikiri, atajirekebisha. Swali hilo moja linamfundisha mpangilio wa matukio kuliko picha zote za kupanga ulizobandika ukutani.

Ukiona vibaya kuwaacha waibadilishe, kumbuka hata waliotutangulia hawakuiacha ilivyokuwa. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyekuja kuwa askofu wa Zanzibar, aliichapisha London mwaka 1870 kati ya ngano alizozikusanya Unguja. Imo ndani ya Kisa cha Punda wa Dobi, ambapo Kima, akiwa salama juu ya mti, anamsimulia Papa habari za punda ili kumweleza kwa nini hashuki. (Huyo punda muache, ni wa darasa la tatu.) Lakini kabla ya Unguja ngano hii ilikuwa imeshazunguka. Katika Panchatantra ya India anayetaka moyo ni mamba. Katika Kalila na Dimna ya Kiarabu, aliyoifasiri Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, ni kobe. Ilipofika pwani yetu, wavuvi walimjua nani wa kumwogopa, wakaweka papa. Sasa imefika Muheza, kwenye machungwa. Kima wako atupe machungwa, na asikuambie mtu kwamba umeiharibu.

Watoto 58 ni wengi, nakubali, ila dawa si kuwaweka wawili mbele na 56 wakae watazame. Hapo ndipo fujo inapozaliwa, na ndipo wanapopata muda wa kutungiana majina. Wapange wawili wawili, Kima na Papa, jozi 29, kila jozi na bahari yake nje chini ya kivuli. Wote waigize kwa wakati mmoja. Hutasikia kila neno, na huna haja. Pita katikati yao, inama kwa jozi tano leo, tano kesho. Wakimaliza wabadilishane, aliyebeba abebwe. Kubebana si lazima kuwe kweli, kushikana mabega kunatosha. Mimi nilishapeleka mtoto zahanati kwa sababu ya Papa aliyeteleza.

Hadithi iwe hiyo hiyo wiki nzima, hata mbili. Walimu wapya mnaogopa watoto watachoka. Wewe ndiye utakayechoka. Siku ya kwanza hadithia, kisha usiulize chochote, wende wakacheze. Siku ya pili weka kiitikio. Hata cha kubuni kinafaa, mradi kiwe kifupi na kirudi kila safari: "Tupa moja, nimeze moja," wakipiga makofi. Ngano zetu zina nyimbo kwa sababu hiyo, kwamba asiyejua kusimulia aingie kwa kuitikia. Siku za mbele wewe simulia na ukosee makusudi. Sema Papa alipanda mti. Watakurukia, hata wale mabubu wako, na mtoto anayekusahihisha ameshaanza kusimulia bila kujua.

Kwa mwoga hasa, usimsimamishe. Mpe kifuu cha nazi na gunzi la muhindi. Kifuu ndiye Papa, gunzi ndiye Kima, na mkeka ndio bahari. Akiwa amepiga magoti na macho yake yako kwenye kifuu, ataongea, kwa sababu anayeongea ni kifuu. Nilikuwa na mtoto aliyemaliza muhula wa kwanza sijaisikia sauti yake. Neno la kwanza alilosema darasani lilikuwa la Papa, na alilisema kwa Kisambaa. Nami sikumwambia "sema kwa Kiswahili." Nilimwitikia kwa kile kidogo ninachokijua, wenzake wakacheka lafudhi yangu, na baada ya siku chache Papa akawa anachanganya lugha mbili. Kiswahili kinakuja chenyewe kikikuta mtoto tayari ana la kusema. Na wewe kama hujui Kibondei, waombe wakufundishe "moyo" inaitwaje. Wataona fahari mwaka mzima.

Sasa yule baba wa mlangoni.

Usimwombe radhi. Mkaribishe, mpe kiti, mkumbushe tulivyokuwa tukiitikia utotoni. Msimulizi akisema "Hadithi, hadithi!" sisi tulijibu "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Ngano inatangaza uongo wake mlangoni, kabla hujavua viatu. Mtoto aliyeitikia hivyo anajua anaingia wapi, na ndiyo sababu nakusihi usianze kamwe bila kuitikiana, iwe hivyo au kwa "Paukwa!" na "Pakawa!" Maneno hayo si mapambo, ndiyo yanayomwambia mtoto kwamba tumetoka kwenye mambo ya kweli, na tutarudi.

Kisha muulize yeye, si kwa ubishi, Kima angefanya nini pale katikati ya maji? Kuogelea hajui, nguvu hana, na aliyembeba ni rafiki aliyekula machungwa yake miezi mingi. Mimi niliwauliza watoto swali hilo kila mwaka. Mmoja alisema angelia. Mwingine, angemng'ata Papa sikio, tukaanza kubishana kama papa ana masikio. Mmoja, mtulivu sana, alisema, "Asingepanda." Ukipata jibu kama hilo, nyamaza, liache likae. Maoni yangu, kama huyo baba atayataka, ni kwamba nafurahi mtoto wangu akijua kuna mwaliko wa mtu anayemjua ambao haufai kuukubali, na kwamba akishanasa, akili yake ni mali yake. Akibaki amekasirika, mwombe aje Ijumaa awahadithie watoto ngano ya kwao, moja tu. Wengi hawaji. Wanaokuja huwa hawalalamiki tena, wanaomba siku nyingine.

Mwalimu mkuu ni mgumu zaidi, kwa sababu ana nia njema na ana wakaguzi. "Hadithi hii inatufundisha tusiwe walafi" anaweza kuisema mtoto ambaye alilala hadithi nzima. Usibishane naye kwa maneno. Mwite darasani siku moja, useme unataka akusikilizie watoto. Badala ya kuuliza hadithi inafundisha nini, uliza "Nani alikosea?" Wengine watasema Papa. Wengine Kima, kwa kumwamini. Daima kuna mmoja atakayesema sultani, na mmoja atakayemtetea Papa kwa sababu alitumwa na mkubwa wake. Mwalimu mkuu akisikia watoto wa miaka mitano wakibishana juu ya aliyetumwa na aliyemtuma, atajionea mwenyewe kama kuna kilichopungua. Na kama bado anataka sentensi yake ya pamoja, mpe. Huna sababu ya kufia hapo.

Mahafali. Wiki tano zinatosha ukianza Jumatatu, ila usiwaandikie maneno ya kukariri. Majoho wavae baada ya igizo, si wakati wa igizo. Kima hawezi kuruka akiwa ndani ya joho la kushonwa kwa makadirio. Kipaza sauti kiwe chako. Mtoto akipewa kile kitu atakitazama kama nyoka au atakiimbia wimbo mwingine kabisa. Waombe wazazi wakae duara, karibu, ili sauti ndogo isikike, na igizo lisizidi dakika kumi. Bahari iwe watoto thelathini na khanga walizokopa kwa mama zao. Mtini wapande kima kadhaa, kwenye benchi fupi, si kwenye dawati. Papa wawe watatu kwa foleni, kichwa, mgongo na mkia, wote wakisema pamoja. Yule binti wako wa kukohoa mpe kazi ya kuanzisha "Hadithi, hadithi!" na wazazi wataitikia, utaona, hata yule baba.

Akisahau mmoja, usimnong'oneze. Geukia bahari, uiulize, "Sasa kukatokea nini?" Bahari inajua kila kitu.

Amebaki Sultani wa papa, anayelala mwisho wa chumba akiugulia na kusubiri moyo usiokuja. Hana maneno, ni kuguna tu. Nafasi hiyo mpelekee mwalimu mkuu, mapema, kabla hajapanga hotuba. Mwambie watoto wenyewe ndio waliomtaja. Hakikisha kwanza wamemtaja. Atakataa mara moja, kisha atakuuliza alale upande gani.

Niandikie mahafali yakipita, na uniambie mpiga ngoma wako wanamwitaje siku hizi.

Bibi Mwalimu